Majina Niliyoyapeleka Bomani

Asubuhi ile mama alikuwa akitwanga uwele, nami nimekaa kivulini ubavuni mwa tembe yetu kijijini Mtumba na karatasi tupu mapajani. Tangu jua lichomoze nilikuwa nimeandika neno moja na kulifuta mara tatu.

"Huyu akiandika barua ya kuuza ng'ombe," alisema Mzee Ndahani, "ng'ombe atakufa kwa uzee."

Watu wakacheka. Walikuwa wengi, wanawake hasa, wameketi chini wakinitazama. Nilikuwa nimehitimu shule ya pwani mwaka uliotangulia, na kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kushika kalamu.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa bado mbali nasi, lakini vilikwisha kula watu wetu. Boma la Dodoma lilikuwa limechukua nusu ya wanaume kuwa wapagazi, na hakuna aliyerudi. Waliobaki walikimbilia kambi ya malisho nyuma ya vilima pamoja na ng'ombe. Askari walipouliza, tulisema wamehama, hatujui walikokwenda. Kaka yangu Chilewa alikuwa mmoja wa waliojificha. Mvua zilikuwa karibu, na mashamba hayakuwa na wa kulima.

Habari ya bunge niliileta mimi. Shuleni tulisimuliwa kwamba kwa Wadachi, huko Ulaya, kuna nyumba kubwa wanamoketi wasemaji wa raia, na aliyedhulumiwa aweza kuipelekea barua. Niliyataja hayo katika mazungumzo tu. Mzee Ndahani, aliyekuwa na wana wawili vitani, akauliza, "Nyumba hiyo inamsikia hata Mgogo?"

Nikajibu kwamba sijui, labda.

"Basi andika waturudishie watu wetu."

Niliogopa kila kitu. Niliogopa wino ungepauka njiani, karatasi ingelowa, wangetucheka kwa adabu zetu au kwa kukosa adabu. Niliogopa kwamba meli hazipiti. Barua zote zilipitia bomani, na hilo nalo nililiogopa, lakini lilikuwa katikati ya hofu nyingine nyingi, nami nilikwisha zoea kutojisikiliza.

Tulipofika kwenye majina, nikaandika ya waliokuwapo. Mama akaacha mchi.

"Chilewa umemweka?"

"Yuko kambini, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Aliye mbali hutajwa kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyomwomba mtemi tangu zamani: nyumba kwa nyumba, kila mtu kwa jina lake na la baba yake, awepo asiwepo. Anayeachwa katika ombi ameachwa nje ya ulinzi. Kalamu yangu ilisita. Mama alisubiri. Nikamwandika Chilewa, kisha kina mama wengine wakaanza kutaja wana wao, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama watu wanaowafunika watoto nguo. Sijapata kuandika kitu kilichonijaza hofu na heshima kiasi hicho.

Tulikwenda Dodoma kijiji kizima. Vikongwe walitembea kwa miguu yao, na hakuna aliyelalamika. Mbele ya boma tukaketi juani. Watu wale hawakujua kusoma hata herufi moja, na bado walikuwa wamekuja kusema na bunge lililo ng'ambo ya bahari, katikati ya vita, kwa karatasi moja. Nilijiona mdogo kama sisimizi.

Bwana shauri, Mdachi mkuu wa boma, alitoka, akaisoma barua akiwa amesimama. Akaigeuza. Akayasoma majina taratibu zaidi kuliko malalamiko.

"Nani aliandika?"

"Mimi, bwana."

"Mwandiko mzuri."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema itakwenda inakotakiwa. Tulirudi tukiimba.

Siku ya nne askari walikuja.

Walikuwa na karatasi mpya, iliyonakiliwa kwa mwandiko mwingine. Walisimama mbele ya kila nyumba wakisoma. Niliutambua mpangilio wa majina. Ulikuwa wangu.

"Chilewa, mwana wa Masaka. Yuko wapi?"

Mama alikazana kutwanga.

Hawakuhitaji jibu. Sasa walijua kwamba wale hawakuhama, na ni wangapi, na wanaume wengi namna ile hawajifichi ila penye maji. Penye maji nyuma ya vilima palikuwa mahali pamoja tu.

Waliwaleta jioni, kumi na wanne, kamba shingoni.

Nilisukumana na watu mpaka nikamfikia Chilewa.

"Wamenisoma mbele ya ng'ombe," alisema, akijaribu kucheka. "Hata jina la baba hukukosea, mdogo wangu."

"Kaka, nisamehe."

"Mwangalie mama. Na yule ndama mwekundu asiyamalize maziwa peke yake."

Askari akavuta kamba.

Hawakurudi. Mvua zilikuja zikakuta mashamba hayana watu, na njaa iliyofuata ilimchukua Mzee Ndahani na wengi wa walioketi juani bomani. Kama ile barua iliwahi kuvuka bahari, sijui. Usiku na mchana nimeifikiria, na kila ninapoifikiria nafika mahali palepale: mama amesimama na mchi, kalamu yangu imesita.

Wadachi walipokwisha kuondoka, alikuja karani wa Waingereza akitaka majina ya wapagazi wasiorudi. Watu wakamleta kwangu. Nilisema siwezi, watafute mwingine.

Mama ndiye aliyeniletea kigoda. Nyuma yake walikuwa wale kina mama wengine, wachache sasa, wamekonda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amebaki nyumbani. Waliketi chini kama siku ile. Niliwatazama, wao ambao nilikuwa nimewaandikia wana wao hadi kwenye kamba, nao walikuwa wakinisubiri nichovye kalamu.

"Anza na aliye mbali," mama alisema.

Nikamwandika Chilewa.