Kikohozi cha Upande wa Pili

Mama ana presha, na dawa ya kwanza aliyopewa kliniki ilimletea kikohozi kikavu. Hapa Makindye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na kikohozi hicho kilinichosha. Nikamsumbua daktari mpaka akambadilishia dawa, kikakoma.

Kumbe nilijitafutia balaa. Asubuhi ya kwanza ya kimya nilikimbia nikagonga mlango wake kama polisi.

"Bado sijafa!" akafoka.

Kesho yake nikagonga tena. Aliponichoka, akaanza kukohoa kwa makusudi kila anapoamka, mara moja tu, nijue yupo.

Leo amekohoa mara mbili. Nimesimama mlangoni pake, na sijui kama ile ya pili ilikuwa ya makusudi.