Mzizi wa Jino

Juzi hospitalini nilimwona mama mmoja akimnywesha mwanawe dawa ya maji kabla ya kung'olewa jino. Ile harufu tamu ya ndizi naijua.

Nilizaliwa na kasoro ya moyo, nami utotoni nilinyweshwa hivyohivyo siku ya kung'olewa jino.

"Kunywa, mwanangu, jino likitoka moyo usije ukadhurika," mama yangu aliniambia.

Shambani kwetu Ziwani, kila mama alipovuta shina moja la muhogo, mizizi yote ilifuata na udongo wake. Nikajua moyo wangu nao utalifuata jino. Kwenye kiti cha daktari nikakishika kifua kwa mikono miwili, macho nimefumba.

Siku hizi najua ni vijidudu vya kinywani vinavyoweza kupita kwenye damu hadi moyoni, na dawa ile huvizuia.

Jino lilidondoka, ti, kwenye sahani ya bati. Nilipofumbua macho, mama naye alikuwa amekishika kifua chake kwa mikono miwili.