Alama Iliyokwanguliwa kwenye Disiki

Siku ile tulikuwa wanne: miye mjane, kaka wa marehemu mume wangu, dada yao, na mnunuzi wa Lubumbashi aliyefika mwisho.

Matanga yalipoisha, wale ndugu wawili walinipokonya disiki zote za gramafoni. Niliomba moja tu, ile iliyochezwa siku ya ndoa yetu. Wifi akacheka: "Weye mukongwe, utaicheza na magoti ya nani?"

Karibu na lebo ya kila disiki kulikuwa na alama, herufi ndogo ndani ya duara. Shemeji alizeekea kiwandani Shituru, na kule kitu chenye muhuri ni cha kampuni, ukikamatwa nacho ni mwizi. Akaogopa mnunuzi atamwita mwizi, akachukua tupa, akazikwangua alama zote. Marehemu aliniambia zamani kwamba alama ile ndiyo inaonyesha disiki za kwanza kurekodiwa kwa umeme, na wanunuzi wanaitafuta. Nikasema tu, "Kwangua vizuri, shemeji, pale bado inaonekana." Ile ya ndoa nilimshikia mwenyewe. Tupa ikateleza, ikachimba mpaka ndani ya muziki.

Mnunuzi akazipapasa zote kwa kidole. "Papa, mumeziua," akasema, akaenda zake. Shemeji akalia.

Majirani muliosikia, kama nimekosea kitu munirekebishe. Lakini kucheka, nilicheka.