Nyuzi Nilizoogopa Kukaza

Siku hiyo tulikuwa watano chumbani kwetu Shauri Moyo: mimi; mdogo wangu wa kiume anayenifuata; kitinda mimba wetu, msichana wa miaka kumi na miwili; shangazi yetu, aliyekuja kutoka Njiru kumchukua; na mzee tunayepakana naye ukuta, dereva mstaafu anayepiga gitaa kanisani. Begi la mtoto lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni.

Nilikuwa nimekubali aende. Shangazi ana vyumba viwili na shule iko karibu naye, na mimi, niliyeacha masomo kidato cha pili baba alipoanza kuugua, sikuwa na neno la kumpinga. Mtoto hakulia wala kugoma. Aliomba kitu kimoja tu: nipige wimbo wa marehemu mama kwa gitaa la baba, yeye aimbe, ndugu yetu aurekodi kwenye simu, aende nao. Nikamwahidi.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Gitaa hilo alilichonga mwenyewe, la kulazwa mapajani, na badala ya kubana nyuzi kwa vidole alitelezesha soketi ya spana juu yake. Nyuzi za gitaa la namna hiyo hufungwa zikubaliane, ili ukizipitishia mkono zote sita zitoe do, mi na so kwa pamoja. Kuna njia zaidi ya moja ya kuzikubalisha. Ile ya baba niliipoteza mimi.

Niliipoteza wakati wa matanga yake. Chumba kilijaa watu, gitaa lilikuwa chini ya kitanda, na kila mgeni alipoketi chaga zilibonyea zikaligusa, likanguruma. Mara ya tatu shangazi alipiga mayowe, akidhani ni marehemu. Nikalivuta nje, nikazungusha funguo zote mpaka nyuzi zikalegea kabisa. Sikuhesabu mizunguko. Baba hakuwa ameandika popote.

Sasa mzee jirani alilipakata, akaanza kulipanga kwanza kama gitaa la kawaida.

"Kutoka hapa njia ni mbili, kijana," alisema. "Ukikaza hizi tatu za ndani, uzi mwembamba kabisa unabeba do. Ukilegeza tatu za pembeni, huo mwembamba unabeba so."

"Baba alitumia ipi?"

"Nimemsikia miaka kumi kupitia ukutani. Lakini ukuta hausemi mtu amekaza uzi gani."

Nilizipapasa. Zilikuwa nyuzi zile zile za baba, zimeshika kutu pale soketi ilipozoea kupita. Kazi yangu ni kupiga vinyago msasa, najua mti ukivutwa sana unafanya nini, na shingo ya gitaa hilo haina chuma ndani. Nikasema tulegeze.

Tulipoanza kurekodi, mtoto aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Katikati ya wa pili akanyamaza.

"Zii. Sio hivyo."

"Mbona unaimba vizuri?"

"Wimbo unafanana tu. Mama alikuwa anapanda pale mwisho, na gitaa linapanda na yeye. Hili lako linabaki chini kama limechoka."

"Limechoka kama mwenyewe," ndugu yangu akasema, na hata mzee akacheka.

"Kaza, bro," mtoto akasema.

"Zitakatika."

"Wacha zikatike."

"Uzi ni uzi, kijana," mzee akasema taratibu. "Unanunuliwa mwingine."

Nilisema hapana. Nilisema kwa ile sauti niliyoanza kuitumia tangu tumzike baba, na hakuna aliyenibishia. Shangazi akatazama saa. "Basi mwanangu, chukua hicho kilichopatikana. Ni bora kuliko kukosa."

Mtoto alimnyang'anya ndugu yetu simu, akafuta alichokuwa amerekodi. Kisha akamuaga mzee kwa adabu kama desturi, akabeba begi lake mwenyewe, wakaondoka.

Chai ya mzee ilikuwa haijapoa nilipolichukua gitaa. Sijui kwa nini wakati huo na si dakika kumi kabla. Mzee alinionyesha: usimalize uzi mmoja ndipo uende kwa mwingine, zungusha kila mmoja kidogo, urudi tena. Nilikwenda hivyo, uso nimeugeuza pembeni nikingoja mlio. Hakuna uzi uliokatika. Shingo haikupinda. Nikatelezesha soketi juu ya uzi mwembamba, na ile sehemu mama alipokuwa akipanda ilikuwa pale pale, mahali pake.

Ndugu yangu alitoka mbio kuwawahi. Akarudi peke yake.

Kesho yake nilirekodi gitaa tupu nikamtumia mtoto kwa simu ya shangazi. Jioni alijibu: "Asante. Lakini uliniambia zitakatika." Nilisoma mara nyingi, nikaandika jibu, nikalifuta.

Tangu hapo nimelipeleka gitaa Njiru mara mbili, limeviringishwa blanketi. Mara ya kwanza hakuwepo. Mara ya pili alikaa kwenye kochi, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipigia makofi kama anavyopigiwa mgeni. Nilimwambia aimbe. Akasema amesahau maneno, na shangazi akaniangalia, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemsikia akiyaimba bafuni.

Sikumlazimisha. Nyuzi nimeziacha zimekazwa, na kila Jumapili nazipima. Mzee ananiambia mtoto ataimba siku yake mwenyewe. Huenda. Lakini aliyeahidi ni mimi, na aliondoka kwangu mikono mitupu. Mpaka leo sijamlipa.