Choroko kwa Waliovuka Ruvuma

Editha alikuwa na miaka tisa alipovushwa mto Ruvuma mabegani kwa mjomba wake, familia nzima ikikimbia vita vya Msumbiji. Leo anakaribia hamsini na ni mama lishe katika mtaa wa Kiwalani, jijini. Mafundi na wabeba mizigo wanaokula kwake humwita Mama Beni, na wengi hawajui kwamba alizaliwa ng'ambo.

Kambini, upande wa Tanzania, walipewa unga wa mahindi ya njano, mafuta na maharage. Unga na mafuta havikuwa na shida. Maharage ndiyo yaliyomtesa mama yake. Yalikuwa yamekaa ghalani miaka. Yakichemshwa tangu asubuhi, alasiri bado yanagonga meno. Kuni zilikuwa mbali, na mama alizifuata alfajiri akarudi jua la utosini. Mwishowe akachoka, akawa anayabeba hadi vijiji vya jirani kuyabadilisha kwa muhogo, na huko nako alipunjwa.

Mapigano yalipoanza upya kaskazini mwa Msumbiji na watu wakavuka tena, wenyeji wa kusini wanaoishi Kiwalani waliunda kamati ya kukusanya chakula. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gervas, mchonga vinyago wa siku nyingi. Bi Mwanakombo, mtu wa pwani, aliwawakilisha akina mama wa msikitini. Editha aliombwa tu awapikie wapakiaji siku ya kupakia lori la msaada.

Siku chache kabla ya safari, Mzee Gervas alipita gengeni kwake na mfuko wa maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumepata mfanyabiashara anatuuzia kwa bei ya kutupa. Magunia thelathini, Mama Beni!"

Editha aliyamwaga kwenye ungo. Hayakuwa na wadudu, lakini rangi ilikuwa imefifia na maganda yamekakamaa.

"Haya ni ya msimu gani?"

"Maharage ni maharage."

"Niachie vikombe viwili, mzee. Kesho mje na wenzio mle."

Hakuyaloweka, maana alijua aliyekimbia na sufuria moja hana chombo cha kulowekea. Aliyabandika saa mbili asubuhi. Saa nane mchana, mkaa wa mara tatu ukiwa umeteketea, aliwapakulia wajumbe. Mzee Gervas alitafuna, kisha akatema kiganjani.

"Mtoto akila haya ataumwa tumbo," alisema Bi Mwanakombo.

"Si watachemsha zaidi?" mzee aliuliza.

"Kwa kuni zipi?" Editha alisema, na sauti ikampanda kuliko alivyotaka. "Mie nimekula chakula cha kambini, mzee. Nimemwona mama yangu akishinda porini kwa ajili ya sufuria moja. Msiwapelekee watu mzigo mkauita chakula."

Mzee Gervas alimtazama. "Kumbe wewe ni wa ng'ambo?"

"Ndiyo."

Alimuuliza ukoo wake, akatajiwa, akaitikia kwa kichwa taratibu. Hawakubishana tena. Walikubaliana kununua choroko, ambayo huiva upesi, ingawa bei yake iliwashusha kutoka magunia thelathini hadi kumi na mawili. Editha ndiye aliyekwenda sokoni Tandika kuichagua.

Lori liliondoka Jumanne na dereva wao, Twalib. Ijumaa alipiga simu, na Mzee Gervas akazileta habari gengeni: choroko ilipikwa na kuliwa siku ileile. Lakini iliisha foleni ikiwa bado ipo. Kaya kumi na nane ziliambulia unga wa mgao peke yake.

Editha aliacha kukatakata nyanya.

"Yale maharage yangewatosha wote," mzee alisema, bila kulaumu.

"Yangewatosha," alikubali.

Bado aliamini kwamba alisema kweli, lakini kaya kumi na nane zilimkaa rohoni siku nzima. Kesho yake alifunga genge mapema, akamfuata Bi Mwanakombo, na wote wawili wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiomba kibaba cha choroko au cha kunde. Wengine walitoa. Wengine waliwaambia wazi kwamba hata wao jikoni hakuna kitu. Mpangaji mmoja, kijana mpole, alitoa kilo tano kisha akarudi kuomba arudishiwe mbili, maana mkewe amekasirika.

Kwa siku nne walipata gunia moja na nusu. Walilituma kwa basi la Mtwara, juu yake wameshona karatasi yenye majina ya wakuu wa zile kaya, ambayo Twalib alikuwa ameyaandika.

Katekista wa kijiji walikofikia wakimbizi, aliyepokea mzigo, alimpigia Editha mwenyewe. Kaya kumi na saba zilikuwa zimepata. Mama mmoja hakuonekana. Alikuwa ameondoka na watoto wake kuwatafuta ndugu Newala. Fungu lake alipewa jirani aliyejifungua wiki ile.

"Mmefanya vizuri," Editha alisema, akamuuliza jina la huyo aliyejifungua.