Marehemu Mume Wangu Bado Anamtumia Mama Yake Picha

Minneapolis, Februari 2009

Dada mwenye ukurasa, naomba ulifiche jina langu.

Mimi ni Mtanzania wa miaka thelathini na minne, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza hapa Brooklyn Center. Mume wangu alifariki Novemba. Alianguka ofisini kwao, Saint Louis Park, moyo ukasimama. Sikuwahi kumuaga.

Alikuwa mtu wa kompyuta. Mama yake aliyeko Korogwe alipolalamika kwamba amesahauliwa, mume wangu alikaa mbele ya lile dirisha jeusi lenye maandishi matupu, akaandika skripti, yaani maagizo machache ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Kila Jumapili inachukua picha moja kwenye folda, inaipunguza ukubwa ili intaneti kafe ya kule isikwame, inaiambatisha kwenye barua pepe na kuituma kwa wifi yangu, naye anamwonyesha mama. Siku ya kuijaribu aliniita kutoka jikoni, mikono yangu imejaa unga wa chapati. "Njoo ubonyeze wewe, mke wangu, iwe na baraka." Kitufe kile bado kina weupe pembeni. Sijakifuta.

Alipofariki, kaka yake alisema mama ana presha na moyo, asiambiwe kwanza mpaka apate nguvu. Kwetu mgonjwa hufichwa msiba, nikakubali. Tukamzika huku kwenye theluji. Kwa kilio kile nikaisahau kabisa skripti. Jumapili iliyofuata picha ikaenda: mume wangu kando ya ziwa, anacheka, na chini yake, "Shikamoo mama, mimi mzima."

Nilimpigia shemeji nikilia, nikamwambia naizima.

"Thubutu!" alisema. "Leo mama amekula sahani nzima kwa ajili ya picha hiyo. Ukizima, umemuua wewe."

Nikaiacha. Sasa mama haelewi kwa nini mwanawe anatuma picha lakini hapigi simu, na lawama zote zimeniangukia mimi. Wiki iliyopita alipiga mwenyewe.

"Umemfungia wapi mwanangu?"

"Shikamoo mama. Yuko kazini."

"Kazini, kazini! Sauti yake umeimeza? Si ajabu, tumbo lenyewe halijawahi kubeba mtoto, nafasi ipo."

Nikamsikia wifi yangu akicheka pembeni. Wifi huyu anajua kila kitu. Siku ya mazishi alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa akimchochea mama: "Mpe, mama, mpe vidonge vyake."

Mimi nikajibu tu, "Nisamehe, mama."

Jana nilifungua ile folda. Imebaki picha moja, itaondoka Jumapili hii. Nikaisoma skripti nijue wiki inayofuata itafanya nini. Mambo yale siyajui, lakini Kiswahili nilikiona katikati ya alama zake. Mume wangu aliagiza kwamba folda ikiwa tupu, yatumwe maneno haya: "Mama, picha zimeisha. Sasa nakuja mwenyewe, nipikie." Tulikuwa tumepanga safari ya Machi.

Nilimsomea shemeji. Akasema, "Jaza nyingine. Za harusi si zipo nyingi? Jikate wewe, abaki yeye peke yake."

Mkasi wa kompyuta najua kuutumia. Nilijaribu kwenye picha moja. Mkono wangu ukabaki begani kwake, hautoki bila kumkata na yeye.

Nikiacha maneno yale yaende, mama ataanza kumtandikia kitanda. Nikijaza picha, namdanganya kwa mkono wangu, naye ataendelea kunitukana kwa kumficha mtu aliye kaburini. Nikimwambia ukweli akaanguka, ukoo mzima utasema nimewaua wote wawili.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, nifanye nini? Na mkiwa kwenye sala zenu mnikumbuke, hata kama jina langu hamlijui.