Mnyamwezi aliyelia msibani kwa Wandengereko

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayebisha aje Dimani huku Kibiti aulizie ticha Mnyamwezi.

Mimi mtoto wa Tabora, Mkristo, nikapangiwa kufundisha huku. Mwezi wa kwanza tu jirani akafiwa na mama yake. Nikapiga tai, nikaenda, nikakaa kimya, machozi yakanitoka. Nikajiona mstaarabu kwelikweli!

Kumbe nimeharibu.

Kuanzia pale salamu zikawa za juujuu. Shughuli zinapita, sialikwi. Nikasema hawa wananibagua kwa dini yangu, nikaanza kuandika barua ya uhamisho. (Nyie, upweke usikieni kwa jirani tu.)

Aliyenifumbua macho ni Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba niliyopanga.

"Mwanangu, Mnyamwezi na Mndengereko ni watani tangu enzi za mababu. Mtani kazi yake msibani ni kuwachekesha wafiwa! Wewe umekuja umenuna kama hakimu. Watu wanasema ticha anatudharau."

Nilichoka. Habari za utani nilizisikia nyumbani, ila nilidhani ziliishia kwa wazee.

Haikupita miezi mingi, mume wa Bi Mwanahawa, Mzee Shomari, akafariki. Yule mzee alinipenda, na moyo uliniuma kweli. Lakini nilijua nikikosea tena, hapa sina pa kukaa.

Tuliporudi kutoka kuzika, nikaomba kanzu na kofia ya marehemu kwa dada yake. Nikavaa, nikashika mkongojo wake, nikasimama uani nakohoa vilevile alivyokuwa anakohoa: "Mwanahawa! Chai yangu iko wapi? Mmeshanisahau?"

Watu wote wakageuka kunitazama.

Wakuu, jasho lilinitoka. Mkristo ndani ya kanzu ya marehemu! Nikajua leo nafukuzwa kijijini.

Mara sauti ya Bi Mwanahawa ikatoka chumbani: "Kadai hukohuko ulikokwenda, mlafi wa sukari wee!"

Uani walicheka mpaka watu wakashika mbavu. Yeye akacheka, kisha akalia. Nami nikalia, na hakuna aliyeninunia.

Pasaka iliyopita walinijia nyumbani bila mwaliko. Wakachinja wenyewe kuku wangu ili tule wote, na matusi juu!

Nilichojifunza: nilidhani wamenifungia mlango, kumbe nafasi yangu walishaiweka, wanangoja niikalie.

Wandengereko mliomo humu, nitukaneni, ruhusa mnayo. Na nyie wengine mliopelekwa ugenini, mlianza kwa kukosea nini?